Maswali Kumi na Moja Niliyoyarudisha Mfukoni

Ilikuwa saa tatu na dakika kumi na saba asubuhi, siku ya Jumanne, mtu mmoja alipoweka saa yake juu ya meza yangu. Dakika nazijua kwa sababu mbele yangu kulikuwa na saa saba za wateja, na zote saba zilisema hivyo.

Ndugu zangu wa mutualité, chama chetu cha kusaidiana, mafundi wenzangu, na ninyi mama zetu mnaouza hapo mbele mliokubali kuingia: Papa Prezida wa chama ameniomba niseme kwa dakika ishirini. Nimeandika kwenye daftari nisije nikapotea njiani. Sitataja jina la mtu. Yule nitakayemsema hayupo hapa ajibu. Lakini mambo yaliyonipata nitayasema yote, pamoja na yale yanayoniaibisha, maana ninyi mlinichangia bila kuniuliza kitu, na leo nadhani mna haki ya majibu.

Wengi mnanijua. Kwa wasionijua, mimi ni fundi saa, meza yangu iko mtaa wa Makiso, na watu wananiita Papa Montre, yaani Baba Saa. Shule niliiacha darasa la tano. Kazi hii nilijifunza peke yangu, kwa kitabu cha Kifaransa nilichonunua kwa mfanyabiashara aliyeshuka kwenye baleinière, ile mashua kubwa ya mizigo, na kwa kamusi niliyoazima kwa padri. Chini ya meza yangu kuna sanduku la mbao ambalo watoto wangu waliliita sanduku la maiti. Ndani yake mna saa arobaini na moja. Ni saa nilizoziharibu nilipokuwa najifunza. Nilizinunua zikiwa zimeshakufa, au niliwalipa wenyewe, na sikuzitupa. Nikijiona nimekuwa mjuzi sana, nalifungua sanduku lile nalitazama.

Likumbukeni sanduku hilo. Nitalirudia.

Sasa macho yangu. Wanaume wa ukoo wetu, watu wa mto wa upande wa Yanonge, tuna kope nzito. Ngozi ya juu inashuka, inafunika nusu ya jicho. Naona vizuri, sikuwa mgonjwa, hilo lazima niliseme wazi. Ila nikikaa mezani, mtu akipita anadhani nasinzia. Ninyi wenyewe mmeshanicheka.

“Papa Montre, uko unalala ao uko unatengeneza?”

“Natengeneza.”

“Basi tengeneza na macho!”

Mama wa mstari wa pili anacheka. Cheka tu, mama, sauti ile ilikuwa yako. Mimi pia nilikuwa nacheka. Lakini siku ile wakwe walipoleta mahari ya binti yangu wa kwanza, nilimsikia mzee mmoja wa upande wao akimnong’oneza mwenzake: “Ule papa ya binti, alikunywa lotoko tangu asubuhi?” Mimi pombe ya mahindi sijawahi kuigusa. Binti yangu alisikia pia. Aliinama akaendelea kugawa sahani. Ndoa ilikuwa bado majuma tisa. Nikawa nafikiri juu ya picha: picha ya ndoa inatundikwa ukutani miaka hamsini, na mimi nitakuwa pale, miaka hamsini, kama mlevi.

Ndiyo hali niliyokuwa nayo Jumanne ile, saa tatu na dakika kumi na saba.

Mtu yule alivaa shati jeupe lililopigwa pasi vizuri. “Papa Montre,” akasema, “hii saa inabaki nyuma dakika mbili kwa juma. Uifungue, uipanguse.” Kisha akanitazama usoni muda mrefu kuliko kawaida. “Niseme kitu? Hapana kasirika.”

“Sema.”

“Ile macho inakuzeesha. Unakuwa sawa mutu wa miaka makumi saba. Na iko ngozi tu, papa. Dakika makumi tatu. Nakata, nashona, imeisha.”

“Wewe ni docteur?”

“Chirurgien,” akasema. “Esthétique. Napasua kwa uzuri. Niko hapa kwa majuma mawili tu, kisha narudi. Nimefanya Bunia, nimefanya Kindu. Bibi za wakubwa, papa. Sitaji majina.”

Alipoondoka nikaifungua saa yake. Ndugu zangu, nawaambia, hapo ndipo nilipoanguka. Sikuangukia kwenye meza ya upasuaji. Niliangukia kwenye meza yangu mwenyewe, na bisibisi mkononi.

Ile saa ilikuwa safi. Mafuta yalikuwa mahali pake na si mahali pengine. Hakuna skrubu hata moja iliyokwaruzwa. Ndani ya mfuniko kulikuwa na alama ndogo ya fundi aliyeifungua kabla yangu, kama sisi sote tunavyoweka alama yetu. Mimi nina tabia, na wengi wenu mnayo pia, ya kumpima mtu kwa saa yake. Anayevaa saa iliyosimama, simkopeshi. Anayetunza kitu kilichofichika ndani, namwamini. Nikajiambia: mtu anayetunza gurudumu dogo hivi hawezi kuchezea jicho la mtu.

Ilinichukua miezi miwili kuona upumbavu wa hesabu ile. Usafi ule haukuwa wake. Ulikuwa wa fundi mwenzangu, yule mwenye alama.

Lakini msidhani nilikwenda bila kujiandaa. Jumanne ile na Jumatano nilisoma kwenye simu ya binti yangu kila nilichoweza juu ya kope. Nilichora jicho kwenye daftari, nikaandika sehemu zake. Nikaandika maswali ya kumuuliza. Yalikuwa kumi na moja. Nani alikufundisha, na wapi? Umefanya mangapi ya namna hii, na mangapi yaliharibika? Ikiharibika, nitakupata wapi? Mengine yalikuwa ya namna hiyo hiyo. Mtu mwenye akili angesoma ukurasa ule akasema: huyu hawezi kudanganywa.

Alhamisi, saa mbili na nusu asubuhi, toleka, mwenye baiskeli ya kubeba watu, alinishusha kwenye barabara ya Bengamisa, mbele ya nyumba ya vyumba vitatu. Mke wangu nilimwambia naenda kutafuta vipuri. Ndani kulikuwa na benchi, na juu ya benchi wanawake wawili waliojifunga vitambaa mpaka karibu na macho. Niliwasalimia. Waliitikia kwa kichwa.

Ukutani, mbele ya benchi, kulikuwa na karatasi ndani ya fremu, yenye muhuri wa rangi ya dhahabu. Kutoka benchi hadi ukuta ni hatua nne. Kifaransa nasoma. Sikuinuka. Mnajua kwa nini? Kwa kiburi. Mimi sina diploma, na maisha yangu yote nimesema karatasi haishiki bisibisi. Niliona kwamba kuinuka kwenda kusoma karatasi ya mtu ni kama kumtukana, kama walivyonitukana mimi wale wateja wa zamani walioniuliza: “Na wewe ulisoma wapi?”

Aliniita. Dirisha la chumba kile lilikuwa limefunikwa kwa kitambaa cha bluu, na mama mmoja alishika taa. Hakuna aliyenipima presha. Hakuna aliyeniuliza nakunywa dawa gani. Nilitoa daftari mfukoni.

“Docteur, nina maswali machache.”

“Maswali ya nini tena, papa? Wewe ukitengeneza saa, saa inakuuliza?”

Yule mama wa taa alicheka. Yeye akacheka. Na mimi nikacheka, ndugu zangu, na kwa kicheko kile nikalirudisha daftari mfukoni. Maswali yote kumi na moja.

Nililala chali. Akachoma sindano za ganzi. Hapa nawaombeni mafundi mnisikilize. Sisi tunapokata ukanda wa saa, tunapima kwanza kwenye mkono wa mwenyewe, mkono ukiwa umenyooka, kisha ukiwa umekunjwa. Yeye hakupima. Hakunikalisha. Hakuniambia funga, fungua. Alishika ngozi kwa koleo ndogo, akaivuta, akakata. Maumivu sikusikia, lakini mkasi niliusikia, na mimi nikiogopa nahesabu. Jicho la kushoto, mkasi ulilia mara tano.

Alikuwa anaimba kwa pua, wimbo wa kanisani. Akaingia jicho la kulia. Nikahesabu upya, ikafika mara ya tano, mara ya sita. Kope yangu ya kulia ni nzito kuliko ya kushoto, kwa sababu ndilo jicho la lupu: kile kioo kidogo cha kukuzia ambacho fundi saa anakibana kwa ngozi ya jicho mchana kutwa. Miaka ishirini na sita nimekibana pale. Hakuniuliza jicho lile nalifanyia nini. Aliona ngozi ni nyingi, akaendelea. Mara ya saba. Mara ya nane. Mara ya tisa.

Hapo akaacha kuimba.

“Leta taa karibu,” akamwambia yule mama.

“Iko sawa?” nikauliza.

“Iko sawa, papa. Iko sawa kabisa.”

Kwenye kazi yangu, fundi akisema mara mbili kwamba iko sawa, nachukua saa yangu naondoka. Lakini saa ile ilikuwa uso wangu, na ilikuwa imefunguliwa.

Siku ya sita nilirudi kutolewa nyuzi. Akanipa kioo. Ndugu zangu, sitadanganya: nilifurahi. Macho yalikuwa wazi kama ya kijana. Akaniambia nisimame karibu na dirisha, akanipiga picha kwa simu yake, ya uso wote, kisha ya macho peke yake. “Ya kumbukumbu,” akasema. Nililipa, nikarudi mezani, na siku ile hakuna aliyeniuliza kama nalala.

Nyumbani mke wangu alikuwa ameshaona siku ile ya kwanza, na alikuwa hajanisemesha tangu hapo. Siku ya nane, Ijumaa, nilikula chakula cha mchana nikajinyoosha kwenye kiti cha kamba, ndani. Nikapitiwa na usingizi. Niliamshwa na mkono wake begani. Alikuwa amesimama mbali kidogo, kama mtu aliyekuta nyoka.

“Papa, uko unalala?”

“Nilikuwa nalala.”

“Jicho haifunge.” Hakupandisha sauti. “Nimesimama hapa tangu zamani. Unakoroma, na jicho iko inaniangalia.”

Nilikwenda kwenye kioo. Nikafunga macho yote mawili. La kushoto likaenda gizani. La kulia lilibaki na mstari wa mwanga chini. Nikakaza. Mstari ukabaki. Nikakaza mpaka shavu likatetemeka. Mstari ukabaki pale pale, na kupitia mstari ule nilimwona mke wangu kwenye kioo, nyuma yangu, ameshika mdomo.

Mkimuuliza fundi yeyote hapa, atawaambia kitu kinachotisha si kilichovunjika. Kilichovunjika unakiona. Kinachotisha ni kilichokatwa kifupi. Hakuna dawa ya kukirefusha tena.

Baada ya siku chache ikaanza kama mchanga. Unaamka na mchanga ndani ya jicho, unaosha, mchanga hauondoki, kwa sababu hakuna mchanga. Jicho linakauka kama tope la mtoni maji yanapopungua. Kisha mwanga ukaanza kunichoma. Kisha, Jumatatu moja, nikachukua lupu nikaiweka jichoni, nikainama juu ya saa ya mteja, na lupu ikaanguka. Nikaiweka tena. Ikaanguka. Ngozi ya kuibana haikuwepo. Jirani yangu anayetengeneza simu akaiokota, akanipa, akatazama pembeni.

Nilipanda toleka nikaenda barabara ya Bengamisa. Nyumba ilikuwa na wapangaji wengine. Mama mmoja alikuwa anaanika mihogo pale palipokuwa na benchi.

“Docteur?” akasema. “Ule alienda zamani. Walisema upande ya Ubundu. Wewe ni wa ine.”

“Wa nne wa nini?”

“Wa ine kuja kumuuliza.” Akanitazama jicho, akaacha mihogo. “Pole, papa. Aliacha ile kitu yake. Unataka kuona?”

Akaniletea fremu. Ile yenye muhuri wa dhahabu. Hatua nne nilizoshindwa kuzipiga, karatasi yenyewe ilizipiga ikanijia mikononi. Jicho la kulia lilikuwa linatoa machozi, nikasoma kwa la kushoto. Ilikuwa karatasi ya kweli, haikughushiwa. Ilisema kwamba mtu yule alihudhuria mafunzo ya siku tano ya kutunza ngozi ya uso na kupaka vipodozi.

Siku tano. Nikafikiri juu ya sanduku langu. Mimi niliua saa arobaini na moja ili nijue kufungua saa moja. Yeye alijifunza kukata kwa kukata nini? Nikaishika fremu ile nikielewa, polepole, kwamba yeye pia ana sanduku lake. Lina watu. Na mimi nimo ndani yake.

Hapo nilikata tamaa, sitaficha. Nilikaa siku kumi nyumbani, jicho limefungwa kitambaa. Mke wangu ndiye aliyekwenda kuuliza. Hakuuliza nani ana mkono mwepesi, kama tunavyouliza sisi. Aliuliza kwa wauguzi watatu, mahali mbalimbali, swali moja: “Kama kope ya mama yako ingeharibika, ungempeleka kwa nani?” Watatu wakataja mtu mmoja. Akarudi, akaniwekea viatu mbele ya miguu. “Simama,” akasema. “Na chukua ile daftari yako.”

Daktari wa macho tuliyempata ni mwanamke, mdogo kwangu kwa umri. Nilipokaa nikafanya nilichozoea: nikatazama mkono wake. Alivaa saa ya plastiki, na ilikuwa imesimama. Saa kumi kasoro dakika kumi. Nilitaka kuinuka. Mke wangu akanikanyaga mguu.

“Unaangalia saa yangu, papa?” akasema. “Ilikufa tangu Pasaka. Niiangalie mimi ao niangalie jicho yako?”

Akaangalia. Aliangalia kwa mashine, muda mrefu, akaweka kikaratasi chembamba pembeni mwa jicho kupima machozi. Kisha akauliza swali ambalo sikuwahi kuulizwa: “Bon, papa. Unafanya kazi gani, na hii jicho unaitumia namna gani?”

Nikamweleza lupu.

“Ule mutu alikuuliza hii?”

“Hapana.”

“Sawa. Donc nikuambie vile iko.” Akachora kwenye karatasi. Ule mduara wa mbele wa jicho, unaong’aa kama kioo cha saa, ulikuwa umeshapata kidonda kwa kukauka. Kidonda kikienda ndani kidogo zaidi, kioo kinakuwa cheupe. “Ungekawia kama majuma mawili,” akasema, “tusingeongea juu ya kope. Tungeongea juu ya namna ya kuishi na jicho moja.”

Mkono wangu ukaenda mfukoni. Nikatoa daftari. Nililishika kwa mikono miwili, maana mara ya mwisho daftari lile lilichekwa. “Daktari, nina maswali. Ni kumi na moja.”

“Soma,” akasema, akavuta kiti.

Ndugu zangu, hapo ndipo mambo yalipogeuka. Dawa ilikuwa haijaingia jichoni, lakini mambo yaligeuka hapo. Nikauliza nani alimfundisha. Akataja mwalimu na mahali, akaandika namba: “Mupigie, umuulize kama ananijua.” Nikauliza amefanya mangapi. Alisema kazi ninayoihitaji mimi, ya kushona kiraka cha ngozi kwenye kope, amefanya mara tisa, na viraka viwili havikushika, na mmoja wa wagonjwa hao wawili bado anamtibu. Nikauliza ikiharibika nitampata wapi. Akanionyesha mlango wa nyumba ya watumishi, uani mwa hospitali. Nikauliza kama anaweza kunirudishia macho kama ya picha ile, wazi kama ya kijana. Akasema hapana. “Nitajaribu ifunge. Uzuri sikuahidi. Na kama ungekuja kwangu ukiwa muzima, ningekuambia machozi yako ni kidogo, usikate, ao ikatwe kidogo sana. Ungenikasirikia, ungeenda.”

Swali la kumi na moja niliandika pale pale, nikafuta la zamani. Nikamwambia juu ya sanduku la maiti. Nikamuuliza: “Na lako liko wapi?”

Hakukasirika. Alifikiri. “Mwaka wa kwanza nilishika taa tu,” akasema. “Mwaka wa pili nilikata nyuzi tu. Kisha nilishona, na mukono ya mwalimu ilikuwa juu ya mukono yangu. Kila kosa nililotaka kufanya, alinishika kabla.”

Nilimwamini hapo. Saa yake ilikuwa bado imesimama.

Yaliyofuata hayakuwa mafupi. Miezi mitano nilipaka mafuta ya dawa mchana, na kila nilipolala mke wangu alinifunga jicho kwa plasta, kama mtu anavyofunga bahasha. Kwenye ndoa ya binti yangu nilivaa miwani myeusi. Yule mzee wa wakwe akanijia mkono wazi: “Bamukwe, leo umekuwa mwanamuziki!” Picha iko ukutani. Mtu asiyejua anaona papa anayejidai. Binti yangu anasema ni picha nzuri kuliko zote. Mimi kila nikiitazama nahesabu mkasi.

Kidonda kilipopona na kovu kulegea, daktari akatoa kipande cha ngozi nyuma ya sikio langu akakishona kwenye kope. Safari hii nilikalishwa. Nilichorwa kwa kalamu. Niliambiwa funga, fungua, funga, mpaka nikachoka. Hakuimba. Kiraka kilishika. Rangi yake si sawa na uso, mnaiona, njooni karibu baadaye mtazame, sina aibu. Lakini jicho linafunga. Usingizi wangu una giza. Lupu inakaa kama dakika ishirini ndipo inaanguka, nami nimejifunza kuifunga kwa waya kichwani, kama wafanyavyo mafundi wa nchi nyingine kwenye kitabu changu.

Nashukuru. Nashukuru mutualité hii: hamkusubiri mwisho wa mwezi. Nashukuru jirani yangu wa simu, aliyepokea wateja wangu miezi yote hiyo na hakuchukua hata mmoja. Nashukuru yule mama wa mihogo. Namshukuru daktari, saa yake nimeitia betri, na alipotaka kulipa nilimwambia mgonjwa huyu hatozwi. Mke wangu simshukuru mbele ya watu, amenikataza. Namwambia tu kwamba viatu bado ninavyo.

Nilikuwa nimemaliza kuandika hapa. Lakini juzi, Alhamisi, nilikwenda kwenye duka la dawa kununua mafuta ya jicho. Kwenye mlango kulikuwa na karatasi mpya. Ilisema daktari wa uzuri amerudi mjini, kwa majuma mawili tu, kope, mashavu, na watano wa kwanza watapunguziwa bei. Jina si lile. Chini kulikuwa na picha mbili za macho: kabla, na baada. Macho ya baada yalikuwa wazi kama ya kijana. Na juu ya nyusi ya kulia kulikuwa na kovu dogo lililopinda, nililolipata kamani ya saa ya ukutani iliponipiga nikiwa na miaka thelathini.

Ndugu zangu, ni macho yangu. Yako pale mlangoni, yanaita watu.

Nilipokuwa nimesimama, binti mmoja alikuwa ananakili namba ya simu. Nilimwambia: “Mwanangu, jicho hili ni langu. Nitazame.” Akanitazama, akatazama karatasi, akakimbia. Sijui alikimbia nini, karatasi au mimi. Lakini juu ya karatasi ile, pembeni, watu walikuwa wameshaandika majina ya kujiandikisha. Nilihesabu manne. Moja ni la mtu aliyeketi ndani ya nyumba hii. Simtaji. Anajua, na anaona kwamba simtazami.

Wewe, sikukatazi kutaka uzuri. Mimi niliutaka. Kutaka si kosa. Piga zile hatua nne tu, usome ukutani pameandikwa nini. Uliza, na akicheka, usicheke naye. Maswali yangu nimeyanakili kwa mkono, nakala thelathini, ziko mezani pale karibu na mlango, hazina bei. Mpe yeyote atakayeshika mkasi karibu na uso wako. Anayejua atavuta kiti.

Na kwa kuwa hapa ni mutualité, na pesa zilikuwa zenu pia, nawapa hesabu. Kukatwa, dola mia moja ishirini. Mafuta ya dawa na plasta, dola mia moja themanini na tano. Kushonwa tena, mia nne sitini. Siku nilizofunga meza sizihesabu. Kumwona daktari yule mara ya kwanza, kukaa mbele yake na kumsomea maswali yote kumi na moja mpaka mwisho, kuligharimu dola kumi. Kwa dola kumi ningeambiwa hapana. Nililipa mia saba sitini na tano.